Digrii Nilizoandika

Barua pepe ya chuo ilinipata ndani ya matatu, tukiwa tumetoka Keroka, magoti yangu yamebanwa na gunia la mtu. Iliandikwa kwa adabu. Muda wangu wa kuahirisha masomo ulikuwa unaisha. Nirudi Septemba na nilipe salio la karo, au jina langu lifutwe. Nimebakisha semista tatu. Nikarudisha simu mfukoni nikaangalia chai mpaka Nyansiongo.

Huku kwetu chai imefika hadi mlango wa choo. Borabu ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na uhuru ulipokuja yakakatwa vipande, wazee wetu wakahamia na panga na madeni. Mama anachuma mwenyewe, majani mawili na chipukizi, anabeba hadi kituo, anapimiwa. Analipwa kidogo kila mwezi, kisha bonasi mara moja kwa mwaka, karibu Oktoba. Bonasi ya upande wetu huwa chini kuliko ya wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa, na kelele za jambo hilo haziishi. Lakini ni pesa. Na mama alikuwa ameshaamua: "Nitakopa sacco Septemba, bonasi ikija nitalipa. Wewe rudi tu."

Ukiwauliza marafiki zangu wa Nairobi, watakupigia hesabu. Karo ni ngapi, mshahara wa kuanzia ni ngapi, wenye digrii wangapi wanaendesha boda. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi, na jibu hutegemea nimeamka vipi. Kinachoninyima usingizi ni swali lingine: ni haki kweli nichukue pesa za chai kununua kitu ambacho mimi mwenyewe nimesaidia kukiharibu?

Wacha nieleze. Tangu niache chuo nimekula kwa kuandika akademiki. Kama hujui ni nini, shukuru. Mwanafunzi wa Marekani au Uingereza anapewa insha, anaitafutia mwandishi mtandaoni, kazi inamfikia Mkenya mwenye akaunti, naye anaigawa kwa akina sisi baada ya kukata chake. Ukurasa mmoja ni maneno 275. Mimi nililipwa shilingi 300 kwa ukurasa, siku ambazo nililipwa. Nimeandika kuhusu Kant usiku stima imepotea, simu ikiwa na asilimia tisa. Nimeandika kuhusu maghala ya Ohio, na sijawahi kupanda ndege.

Mteja mmoja nilikaa naye karibu miaka miwili. Sura yake siijui. Nilijua nywila yake, na nilijua mhadhiri wake hapendi sentensi ndefu. Alikuwa anasomea uuguzi. Siku moja mwenye akaunti akaniandikia: "Buda, yule wako amemaliza." Nilifurahi, kusema kweli. Nilinunua chipsi na kuku nikala peke yangu, mahafali ya mtu mmoja. Usiku ndipo ikanigonga kwamba huyu mtu anaenda kushika sindano. Mahali fulani kuna mzee anayefungwa kidonda na nesi ambaye sura ya vidonda nilimsomea mimi.

Kule England, sheria ya mwaka 2022 ilifanya kuuza insha za namna hiyo kuwa kosa la jinai. Hapa hakuna anayekugongea mlango. Mwaka 2024 ikatoka filamu, The Shadow Scholars, ambamo Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, anawatafuta waandishi kama sisi. Wengi wetu tulijivunia: kumbe akili zilikuwa zetu, majina tu ndiyo ya wengine! Nami nilijivuna. Kwa miaka miwili kila aliyeniuliza nitarudi chuo lini nilimjibu kwa swali: kama naweza kuandika digrii ya mtu, yangu ni ya nini?

Nimelipenda sana jibu hilo. Ni jibu la kumnyamazisha mjomba kwenye matanga. Ila lina tundu. Linathibitisha kwamba najua kuandika. Halithibitishi kwamba nimewahi kupimwa. Insha ikirudi na alama mbovu, aliyefeli ni yule wa Ohio. Mimi nilikuwa naomba radhi kwa mwenye akaunti na kwenda kulala. Darasani, pamoja na upuuzi wake wote (na nimekaa kwenye ukumbi wa watu mia nne tukisomewa slaidi), kuna siku mtu anakuambia mbele ya wenzako kwamba umekosea, na Jumanne unarudi palepale ukiwa na jina lilelile. Sikuacha chuo kwa sababu ya karo pekee. Nilimwambia kila mtu ni karo, kwa sababu karo haina aibu. Kulikuwa na somo moja nililofeli mara mbili.

Halafu mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT. Kazi hazikukatika siku moja. Kwanza bei ikashuka, kisha kundi letu la WhatsApp likabaki na watu wa kutumiana mistari ya Biblia. Nikaanza kutembeza CV, na matangazo yote yalikuwa na mstari uleule: awe na digrii. Ndipo rafiki yangu mmoja akaniambia niache kujitesa, River Road cheti kinatoka kabla chai haijapoa.

Sikwenda, lakini nisijisifu. Nilizuiwa na woga. EACC imekuwa ikiwapeleka mahakamani watu walioajiriwa serikalini kwa vyeti bandia, na mahakama zimewaamuru warudishe mishahara yote waliyopokea. Nimeliwaza sana hilo. Mtu amefanya kazi miaka kumi, barua zimeandikwa, mafaili yamesogea, halafu anaambiwa rudisha yote. Kwa hiyo mshahara ulikuwa wa kazi, au wa karatasi? Ningependa kusema ni wa kazi, halafu nikutetee wewe mwenye cheti cha River Road. Lakini siku unapoajiriwa kuna mtu mwingine kwenye foleni ile, mwenye cheti cha kweli, aliyerudi nyumbani kwa mguu. Jasho lako la miaka kumi halimfuti huyo. Hata hivyo kudai kila shilingi naona ni kama kusema jasho lenyewe halikuwepo, na hapo sikubali. Pande zote mbili zinaniuma.

Nilimwambia mama tukiwa shambani, asubuhi, umande ungali juu ya majani. Nilianzia mbali. "Baba," nikasema (kwa Ekegusii mama ndiye baba, msinicheke), "kabla hujaenda sacco kuna kitu hujui." Nikamweleza yote: nesi, Kant, lile somo. Hakuacha kuchuma. Nilipomaliza akaniuliza:

"Karani akimwandikia rafiki yake kilo ambazo hakuchuma, nani ameibiwa?"

"Sisi wote tuliochuma."

"Basi unajua."

Mama ana daftari. Kila siku anaandika kilo zake mwenyewe, tangu zamani kabla ya mizani za kielektroniki, kwa sababu kuna mwaka kilo zilizoandikwa kituoni hazikulingana na mgongo wake. Nikiwa darasa la nne mimi ndiye nilikuwa namjumlishia. Nilidhani siku hiyo angefuta ahadi, na sehemu yangu moja ilitamani afute, ningepata mtu wa kulaumu. Badala yake akasema pesa ni zangu bado. "Lakini huwezi kunywa chai yangu huku unachumia jina la mtu."

Hapo ndipo uamuzi ulipokuwa mgumu, tofauti na nilivyotarajia. Simuni mwangu kulikuwa na kazi ya kurasa kumi na mbili, ya kesho yake. Shilingi 3,600. Kurudi chuo sasa kulimaanisha kuacha kitu pekee kinachonilisha, ili nikakae tena kwenye somo lililonishinda, kwa mkopo wa mwanamke ambaye mgongo wake naujua. Na mwisho wake huenda nisipate kazi. Hilo nilimwambia pia, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, ili asije akasema hakusikia.

Alisikia. Jioni nilimrudishia mwenye akaunti kazi yake. "Unajiharibia, buda," akajibu, na labda ni kweli. Nikawaandikia chuo kwamba nitakuja.

Mama akaleta daftari. Chini ya kilo za Agosti akaandika jina langu, karo, na neno "mkopo", akanipa kalamu niweke sahihi. Wino ulikuwa umekaribia kuisha. Ilibidi nirudie mara mbili ndipo jina lionekane.