Diski Ilipojaa Wakaliga

Isaac Nabwana, mkazi wa mtaa wa mabanda wa Wakaliga jijini Kampala, aliwahi kufyatua matofali ili apate pesa. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, jina alilolipata kwa kuunganisha majina ya bibi zake wawili, Rachel na Monica. Mwaka 2010 akatoa filamu ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, ambayo inasemekana iligharimu chini ya dola 200. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu, na helikopta zinazoishambulia Kampala zilitoka katika kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe kwa vipuri. Bruce U, ndugu wa kapteni aliyeuawa, anaingia na mateke ya kung fu kumsaka muuaji.

Waigizaji wenyewe walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuza DVD. Kisha diski ya kompyuta ikajaa. Nabwana alitaka kuanza filamu nyingine, nafasi hakuna, na hakutegemea kwamba mtu wa nje ya mtaa wake angeitazama ile ya kwanza. Akaifuta.

Miaka mitano baada ya kutolewa, filamu hiyo ilipowekwa kwenye intaneti, mamilioni waliitazama, wengi wao wakiwa mbali na Afrika. Walichokiona kilitoka kwenye nakala ya DVD yenye picha hafifu, kwa kuwa ndiyo pekee iliyosalia. Maelezo ya VJ Emmie, msimulizi anayezungumza juu ya filamu, yanasikika vizuri, lakini picha anazozieleza zimefifia.

Atakayesema picha si kitu muhimu katika filamu ya ngumi na atazame Duelist, filamu ya Korea ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Lee Myung-se, inayosimulia enzi za ufalme wa Joseon. Humo wapiganaji wawili wanakutana usiku katika kichochoro. Wanazama gizani, wanachomoza, na upanga unaonekana pale tu unapokatiza mwanga. Karibu hawasemi kitu. Hasira na mapenzi yao yote yamo katika mwendo, kivuli na rangi ya nguo. Ukilibana pambano hilo katika faili dogo, giza lile litageuka madoa ya mraba, na hadithi itakufa pamoja nalo.

Wakorea wenyewe wanaujua uchungu wa kupoteza filamu. Arirang, filamu mashuhuri ya Na Woon-gyu ya mwaka 1926, haipo tena. Filamu zao za zamani zilikuwa bubu, na kando ya skrini alisimama msimulizi, byeonsa, akiwaeleza watazamaji kinachoendelea kama VJ wa Kampala afanyavyo katika vibanda vya video. Mwaka 1974 waliunda hifadhi ya taifa ya filamu. Mwaka 2007 ndipo ilipopatikana Crossroads of Youth ya mwaka 1934, filamu kongwe zaidi ya Kikorea iliyosalia. Picha zilikuwapo, maneno ya msimulizi hayakuwapo; ikabidi yatungwe upya.

Nabwana alibanwa na ufukara, na hakuna mwenye haki ya kumcheka. Hata hivyo, ufukara ulisaidiwa na fikra moja iliyo ndani ya wengi wetu: kwamba kazi ya mtaani ni ya mtaani, ikishauzwa imekwisha. Mwaka 2019 filamu yake nyingine, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Aliyefuta kazi yake akidhani ni ya majirani alikuwa tayari anaufanyia kazi ulimwengu.

Kwa hiyo wewe kijana unayepiga filamu Kampala, Goma, Mombasa au Dar es Salaam, usiianze kazi mpya kabla hujaihifadhi ya zamani. Weka nakala katika diski mbili, na diski hizo zisilale nyumba moja, maana moto na mwizi hawachagui. Hifadhi picha safi kabla sauti ya VJ haijapachikwa, na sauti hiyo nayo iwekwe kando. Pesa ya diski ya pili iingie katika bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na nauli na chakula cha waigizaji. Akiba haiozi, na filamu iliyofutwa hairudi.