NI QADAR, LAKINI NANI ALICHIMBA SHIMO?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah, Bwana wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii nataka kurudia jibu moja nililolitoa vibaya. Mnakumbuka tarehe 16 na 17 Aprili 2020, siku chache kabla ya Ramadhani, mto Mulongwe ulipoacha njia yake na kuingia katika mitaa yetu hapa Uvira. Misikiti ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilianguka, na maji ya bomba yakakatika. Tukashika bidoni kwenda kuchota mtoni na ziwani, maji yaleyale yaliyopita katika vyoo vilivyobomoka.

Baadaye mama mmoja wa mtaa wetu alinijia nyumbani. Mtoto wake alipona na mafuriko, kisha akafa kwa kipindupindu. Akaniuliza: "Shehe, mwanangu ameuawa na nani?" Nikamjibu haraka: "Mama, ni qadar ya Allah. Subiri." Akanyamaza, akaenda zake.

Jibu lile halikuwa la uongo, ila lilikuwa nusu. Ajali ya kila mtu iko katika ujuzi wa Allah, sote tunaamini hivyo. Lakini hata mtu aliyechomwa kisu amekufa kwa qadar, na hakuna kadhi atakayemwacha mwenye kisu aende nyumbani kwa hoja hiyo. Basi natuangalie kisu.

Wenye elimu ya hali ya hewa wanafundisha kwamba moshi wa makaa ya mawe, petroli na gesi, vilivyochomwa kwa wingi tangu viwanda vianze huko Ulaya, umeifunika dunia kama blanketi. Joto limekwisha kuongezeka kwa zaidi ya nyuzi 1. Mtu atasema nyuzi moja ni nini? Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi, karibu 7 kwa mia, na mvuke ule siku ukishuka hushuka kwa ghadhabu. Mvua nzito huvunja bomba, hufurisha vyoo, na hapo ugonjwa hupata njia. Kuna uchunguzi uliofanywa hapahapa Uvira na kuchapishwa mwaka 2015. Walikuta kwamba siku ambayo maji ya bomba yamekosekana kabisa, wagonjwa wanaolazwa kwa kushukiwa kipindupindu huongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zinazofuata. Wamama wenye kubeba bidoni walijua hayo kabla ya karatasi ile.

Malaria nayo. Kimelea chake hakikomai ndani ya mbu pale joto lilipo chini ya nyuzi 18 hivi. Ndiyo maana wazee wa milimani waliiita homa ya watu wa bondeni. Baridi ilikuwa ukuta wao, na ukuta huo unapungua.

Na joto lenyewe huua. Katika Hija ya mwaka 2024 vipimo vya Makka vilifika karibu nyuzi 52, na mahujaji zaidi ya 1,300 wakafa. Serikali ya Saudia ilisema wengi wao hawakuwa na kibali, walitembea juani bila hema wala kivuli. Jua liliwawakia wote sawasawa, tajiri na maskini. Kivuli ndicho hakikugawanywa sawa.

Lazima niseme haki: si kila mvua ni ya moshi. Mnakumbuka Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, zaidi ya watu mia nne walizikwa. Wataalamu walioichunguza mvua ile walishindwa kusema joto la dunia limechangia kiasi gani, kwa sababu vituo vya kupimia mvua kwetu ni vichache mno. Hata msiba wetu hauna mzani wa kuupima! Mito yetu ilifurika zamani pia. Kwa hiyo sitasema juu ya mtoto yule mmoja kwamba moshi wa fulani ndio uliomuua.

Lakini fiqhi ilikwisha kuliona jambo la namna hii. Mtu akichimba shimo katika njia ya watu, mpita njia akatumbukia akafa, mchimbaji anadaiwa diya. Hakumsukuma mtu. Pengine alikuwa amelala. Nia yake ilikuwa kupata maji. Kukosa nia mbaya kunamwondolea dhambi ya kuua kwa makusudi, lakini hakumwondolei deni. Na akiisha kuambiwa kwamba shimo lake linatumbukiza watu, naye akazidi kuchimba, je, tutaendelea kuita bahati mbaya? Mataifa yaliweka mkataba juu ya hali ya hewa mwaka 1992. Tangu hapo hakuna aliyelala. Mwaka 2022 huko Misri walikubali kuweka mfuko wa kuwafidia waliodhurika, na mwaka uliofuata zikatolewa ahadi za dola kama milioni 700, kwa nchi zote maskini za dunia. Julai 2025 mahakama ya kimataifa ya The Hague ilitoa rai kwamba taifa linalovunja wajibu wake katika jambo hili laweza kudaiwa fidia. Wanafunzi wa chuo cha Kurani wangeweza kuwaambia hayo mapema.

Na sisi? Kongo haifikii hata moja kwa mia ya moshi wa viwanda na magari duniani. Hata hivyo nani aliyekata miti ya vilima vilivyo juu ya mji kwa ajili ya makala na kuchoma matofali? Nani aliyejenga parseli ndani ya njia ya mto, na nani aliyejaza mitaro kwa plastiki? Kuna aliyechimba kwa koleo na kuna aliyechimba kwa kijiko. Mwenye kijiko asijifanye hakuwepo, na mwenye koleo asimwoneshe kidole mwenye kijiko ili asahauliwe.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule mama nikamweleza haya yote, shimo, diya, koleo na kijiko. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Shehe, nimeelewa. Sasa hiyo diya, ni nani atakayeileta hapa mlangoni kwangu?"

Sikuwa na jibu. Bidoni zake mbili zilikuwa karibu na mlango, bomba la mtaa lilikuwa halijatoka maji siku ya tatu. Nilimwuliza kama ana dawa ya kutia katika maji. Hakuwa nayo.

Wallahu aalam.