Kumlisha Mfungwa na Kumfundisha

Ndugu zetu Waislamu, Mwenyezi Mungu Mtukufu amewasifu katika Suratul Insan, aya ya 8, wale wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa. Aya haikuuliza mfungwa huyo ana kosa gani wala ni wa dini gani. Mateka wa Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, walikuwa makafiri, na juu ya hayo Maswahaba waliwapa mkate, wao wenyewe wakala tende. Na wasiokuwa na fidia, wakijua kuandika, waliwafundisha watoto wa Madina kisha wakaachiwa. Basi chakula na elimu vilikutana hapo.

Mfano wa leo tuutoe mbali na pwani yetu, Kisii na Nyamira. Hiyo ni nchi ya milima na mvua nyingi. Mahindi hayakauki upesi, na yakiwekwa na unyevu huota ukungu. Ukungu huo waweza kuzaa sumu iitwayo aflatoksini, isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 Ukambani na jirani zake. Mfungwa wa gereza la Kisii akifundishwa kuanika mahindi juu ya turubai, kutupa yaliyoota ukungu, kuosha mikono kwa sabuni, kuchemsha maji, na kutenga nyama mbichi na chakula kilichoiva, elimu hiyo humlinda leo chumbani alimobanana na wenziwe. Na siku atakapotoka, ataipeleka nyumbani kwake Nyamira, mkewe na wanawe wale salama.

Na sisi tujihesabu nafsi zetu. Wako miongoni mwetu wapelekao pilau magerezani katika Ramadhani. Ni jambo jema! Lakini pilau iliyopikwa asubuhi, ikangojea Magharibi katika joto letu, yaweza kumdhuru aliyefunga. Shirika la Afya Duniani lafundisha kuwa chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Ama kiwekwe moto, ama baridi. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kufunika vyombo. Twaisoma Hadithi hiyo darasani, na masufuria yetu yako wazi!

Nabii Yusuf (A.S.) hakungoja kutoka gerezani ndipo afundishe. Basi apelekaye chakula, naafuatane na mwalimu wa afya, kwa ruhusa ya wakuu wa gereza. Sahani huisha kwa mlo mmoja. Elimu yenye manufaa thawabu zake hazikatiki hata baada ya mauti.

Wabillahi Ttawfiq.