Lisemwalo Lipo?

Wahenga walituachia usemi kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa miaka mingi niliuchukua usemi huo kama ushahidi. Siku hizi nauchukua kama onyo, na msomaji aniwie radhi nieleze sababu.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu hapa Laela. Asubuhi moja ya mwezi Julai, baridi ya Ufipa ikiwa imeshika na ukungu umelala mashambani, iligunduliwa kwamba magunia matatu ya mahindi yametoweka ghalani. Kabla jua halijapanda, jina la kijana mmoja aliyehamia kutoka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, lilikuwa limekwisha kuzunguka kisimani na vilabuni. Mkutano ukaitishwa, nami nikawa katibu. Mashahidi watano walisimama mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alikuwa amemwona mtu katika ukungu, amevaa koti refu, na kila mmoja akasema ni yule kijana. Nikaandika: "Mashahidi watano wamekubaliana." Kijana akaondoka na mkewe, mtoto mgongoni. Miezi minne baadaye mwizi alijulikana, wala hakuwa mgeni.

Swali lililonisumbua ni hili: nani alisema uongo? Nawajua wale watano. Nathubutu kusema hakuna.

Mwanga niliupata miaka mingi baadaye kwa kijana niliyemfundisha, ambaye alikuwa akisomea kemia ya viumbe. Alipokuja likizo alipita kunisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," nami nikamwuliza huko anajifunza nini. Akanieleza jinsi wataalamu wanavyotafuta umbo la protini, vitu vidogo mno vinavyofanya kazi nyingi za mwili.

Protini huwekwa katika tone la maji, kisha maji hugandishwa ghafla hata fuwele za barafu zisipate nafasi ya kujiunda. Njia hiyo ilianzishwa na Jacques Dubochet na wenzake miaka ya 1980. Halafu hupigwa picha kwa hadubini ya elektroni. Lakini elektroni zikizidi huiharibu protini, kwa hiyo hutumiwa chache sana, na picha hutoka imejaa chenga kama televisheni iliyokosa mawimbi. Dawa yake ni wingi. Kompyuta huchukua maelfu ya picha, huzigeuza zilingane, na kuzijumlisha. Chenga hufutana kwa kuwa hazina mpango, na umbo hubaki. Picha 100 hulitokeza umbo mara 10 zaidi ya picha moja, na picha 10,000 mara 100. Joachim Frank alianza kutengeneza hesabu hizo miaka ya 1970, na mwaka 2017 yeye, Dubochet na Richard Henderson walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

"Sasa sikiliza hatari yake, Mwalimu," akaniambia. Ili kompyuta izilinganishe picha, huhitaji kielelezo cha kuanzia. Mwaka 2013 Henderson aliandika kuonya wenzake: chukua picha 1,000 za chenga tupu, zisizo na kitu chochote ndani yake. Ipe kompyuta sura ya Einstein kama kielelezo, na uiamuru izisogeze picha zote zilingane nayo kadiri iwezekanavyo. Zijumlishe. Atatokea Einstein! Hakuna picha hata moja iliyodanganya. Kila moja ilitoa kidogo kilichofanana na kilichotafutwa.

Nilinyamaza kitambo. Nilikuwa nimewaona mashahidi wangu watano.

Basi wataalamu hujilindaje? Desturi moja, iliyoenea hasa baada ya Sjors Scheres wa Cambridge kuiweka katika programu yake ya RELION mwaka 2012, ni kugawa picha katika mafungu mawili. Kila fungu huchambuliwa peke yake, na kinachoaminiwa ni kile tu ambacho mafungu yote mawili yamekifikia. Nikasema, naam, tungewahoji mashahidi faraghani! Kijana akatikisa kichwa. Mafungu yote mawili yakianza na sura ileile ya Einstein, yote yatamwona Einstein. Ndiyo maana kielelezo cha kuanzia hufifishwa kwanza, kibaki kivuli tu, ili mambo madogo madogo yatoke kwenye picha zenyewe.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Hatuwezi kutazama bila kudhania chochote, la hasha. Lakini tungeweza kuanza na dhana fifi: palikuwa na mtu. Sisi tulianza na jina. Baada ya hapo hata mashahidi mia moja wasingetusaidia, kwa sababu ushahidi wao ulikuwa mmoja uliorudiwa.

Mwaka 2014 watafiti walitangaza umbo la ribosomu ya kimelea cha malaria, likionyesha mahali inaposhika dawa iitwayo emetini. Atakayetengeneza dawa kwa kufuata umbo la aina hiyo anaweka maisha ya watoto wetu juu ya picha. Umbo likiwa limetoka kwenye matumaini ya mtafiti, dawa haitashika kitu. Basi, je, aliyeona kwa moyo safi kile alichokitarajia ana hatia? Zamani ningesema hana. Leo nasema anayo, ingawa si hatia ya uongo. Hatia yake ni kwamba hakuupa ukweli nafasi ya kumkatalia.

Yule kijana wa bondeni sikumwona tena. Ningekuwa katibu leo, ningewauliza wale watano swali moja kabla ya mengine yote: jina hili ulilisikia lini, kabla ya kukumbuka koti au baada yake?