Chuma Kilichozama ni cha Nani?

Viko vyombo ambavyo mzamiaji hupita navyo chini ya maji, navyo hulia penye chuma au shaba iliyofukiwa na tope. Chombo hicho humwambia kuwa pana kitu. Hakimwambii kitu hicho ni cha nani. Swali hilo ameachiwa binadamu.

Tutazame delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai, 1915, baada ya kushambuliwa na Waingereza, Wajerumani waliizamisha humo manowari yao Königsberg. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikakokotwa nchi kavu kwa jasho la Waafrika katika vita visivyokuwa vyao. Mmoja ungali Fort Jesus, Mombasa.

Wako wasemao kwamba masalio ya mkoloni si utamaduni wetu, basi aokotaye na achukue. Sisi hatukubali. Mnyororo haukufuliwa na mtumwa, lakini habari zake ni za mtumwa. Vivyo hivyo, meli ile haikuwa yetu, bali mateso yaliyoizunguka ni yetu. Ang'oaye kipande akakiuza hutuibia mara mbili: huchukua kitu, tena hufuta ushahidi, kwa maana chuma kilichotengwa na mahali pake hakina tena la kusimulia.

Kwa hiyo akionaye na akiache mahali pake, aarifu wenye dhamana, na habari zake ziandikwe na kufundishwa shuleni. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.