Kiapo cha Mgeni

Je, mtu akiapa kumtumikia mfalme asiye wa kwao, kiapo hicho chamfunga? Na wale anaowaamuru, chawafunga pia?

Frederik Valdemar Olsen alizaliwa Denmark mwaka 1877. Mwaka 1898 alikuja Kongo kuwa ofisa katika Force Publique, jeshi la mfalme Leopold wa Pili. Wadenmark, Waswidi na Waitalia wengine walifanya vivyo hivyo, maana maofisa Wabelgiji hawakutosha. Alitia sahihi mkataba, akapokea mshahara. Muda ukiisha, njia ya kurudi kwao ilikuwa wazi. Yeye akakaa. Mwaka 1908 Kongo ikawa koloni la Ubelgiji, naye akazidi kupanda cheo.

Vita ya 1914 ilipozuka, Denmark haikuingia. Hata hivyo mwaka 1916 Olsen aliongoza brigedi ya kusini dhidi ya Wadachi, akaingia Usumbura, kisha Kitega. Na tarehe 19 Septemba majeshi ya Kongo yaliitwaa Tabora. Tangu 1920 hadi 1924 alikuwa mkuu wa jeshi zima.

Wako wasemao kwamba alikosa kwa kupigana vita isiyo ya kwao. Neno hilo ni jepesi mno. Ahadi ni ahadi hata kwa mgeni. Fundi aliyekubali kuezeka nyumba ya jirani haiachi wazi mvua ikinyesha, ati si yake.

Lakini, ndugu wasomaji, tazameni nyuma ya brigedi. Wapagazi zaidi ya 200,000 walitwaliwa vijijini kubeba risasi na vyakula katika vita ile, na wengi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Nani aliwauliza? Hata askari, wengi walitolewa na machifu kwa amri ya serikali, watumike miaka 7. Mtu wa Maniema hakuwa na ugomvi na mtu wa Tabora, kama vile Mdenmark hakuwa nao. Ila Mdenmark aliulizwa, akajibu ndiyo.

Ndiyo yake haiwezi kuhesabiwa kuwa ndiyo ya mpagazi. Mpagazi aweza kusema, “Niliamriwa,” na asemacho ni kweli. Ofisa alijichagulia mwenyewe nani amwamuru. Tena, kwa cheo chake, aliweza kuangalia uzito wa mzigo na posho ya kila siku, aliweza kuwapumzisha wagonjwa njiani. Na kila mkataba ulipokwisha, aliweza kutotia sahihi mwingine.