Ramani Haikuuliza Uzito Wetu

Siku nane zilizopita dereva wangu wa zamani alinipigia kutoka Busia. Nilikuwa utingo wake kabla sijarudi hapa kambini kukaa na mama, na kwa vile nilisoma kidogo mambo ya simu, anadhani najua kila mashine. "Kijana wangu, nichagulie kile kidude cha kuonyesha njia, kile cha malori makubwa. Nimeweka akiba." Nikamwambia, Mzee, nipe siku mbili. Siku mbili zikawa saba, maana swali lake si la dukani.

Niwaeleze kwanza ya Bulumbi.

Tulibeba mtama wa msaada kutoka Mombasa. Foleni ya Malaba ilikuwa ndefu mno, tukaingilia Busia. Mbele kidogo, giza limeshaingia na mvua inapiga, tukakuta lori limepinduka na kuziba lami yote. Mzee akafungua simu. Simu ikatupa njia ya pembeni kupitia vijijini Bulumbi, eti dakika chache tu zaidi. Tukaingia. Udongo mwekundu, mihogo kushoto, mihogo kulia, mpaka kwenye kalavati juu ya kijito. Hapo kijana wa bodaboda akasimama mbele ya taa zetu akipunga mkono. (Neno bodaboda lenyewe linasemekana lilizaliwa hapo Busia, kwa wale wa baiskeli waliovusha watu toka boda hadi boda. Walijua njia bila setilaiti.)

"Mzee, hiyo hapa haipiti. Kalavati itavunjika."

Mzee akamwonyesha simu. "Ramani inasema inapita."

"Inasema inapita gari gani?"

Mzee hakujibu. Mimi pia nilinyamaza, na hilo ni langu, simsukumii mtu. Tulikuwa tani arobaini na kitu. Yeye alifikiria siku ya mgao, mimi nilimfikiria mama kwenye mstari na gunia lake tupu. Tukapita. Kichwa kikavuka, trela ikazama nyuma, tukasikia zege likikatika kama mfupa. Walotutoa ni watu wa kijiji kilekile, kwa majembe na mbao, saa tatu nzima kwenye mvua. Mzee aliacha shilingi 200,000 kwa mwenyekiti wa kijiji. Tulipoondoka alfajiri watoto wa shule walikuwa wamesimama ng'ambo, wanaangalia maji.

Sasa hicho kidude. Setilaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,000, na kifaa kikipata ishara za nne kinajua kiko wapi. Ni mali ya Marekani. Hadi Mei 2000 waliwapa raia ishara iliyopunguzwa usahihi makusudi. Lakini setilaiti inasema ulipo, basi. Njia inatoka kwenye ramani, na ramani imeandikwa na watu. Ya simu ya kawaida inakuhesabu kama gari dogo. Vifaa vya malori, kama Garmin dēzl, hukuuliza kabla ya safari: urefu gani, kimo gani, uzito gani. Nakipenda kifaa kinachouliza kwanza. Ila jibu lake linategemea kama kuna mtu alikwenda kupima lile daraja akaandika. Kalavati ya Bulumbi nani aliipima? Hata kifaa cha bei kali kingenyamaza pale, na kimya cha mashine usiku kinafanana sana na ruhusa.

Hata ile sili ya forodha inayofungwa kwenye mizigo ya kupita kwenda Rwanda au Kongo ni hivyohivyo. Ukitoka njia iliyopangwa, ofisini wanajua. Ukivunja kalavati ya watu, haijui lolote.

Rafiki yangu mmoja wa shirika tulibishana naye. Yeye anasema kalavati hujengwa upya, mtoto aliyekosa chakula hajengwi upya. Ni hoja nzito, na mimi mtama ule niliula. Lakini nani alitupa haki ya kulipia njaa yetu kwa njia yao? Hawakuulizwa. Na sisi tunaokaa hapa tunajua ladha yake, mtu wa mbali akiangalia ramani anaamua wewe uende wapi. Wengine wanasema kosa ni la simu. Hapana. Simu haikudanganya. Uzito tuliujua sisi, kalavati aliijua yule kijana, na vyote viwili vilikutana pale kwenye mvua kabla hatujakanyaga mafuta. Tulisikia sauti mbili, tukafuata ile iliyokubaliana na haraka yetu.

Jana nikampigia Mzee. Nikamwambia, kama pesa ipo nunua, ujaze uzito wa kweli, si ule wa kumridhisha bosi. Kwenye lami ya Jinja na Kampala kitakusaidia. Lakini akiba hiyo ianze kupita Bulumbi.

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza bomba moja la zege la kalavati ni bei gani. Sikujua, nikamwambia nitauliza. Basi ninyi wa mashirika mnaojenga mitaro hapa kambini: ni shilingi ngapi? Na ni mabomba mangapi kwa kijito cha hatua nne?